Ukuta Huzuia Risasi, Hauzuii Panga

Mshauri,

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunacheza Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani, sebuleni kwangu hapa Leicester, kwa kanuni za toleo la 10. Mimi naongoza Astra Militarum: askari wa miguu wa Cadia na kifaru kimoja cha Leman Russ. Yeye ana Waorki. Jumapili iliyopita tulivunja mchezo katikati, akavaa koti lake akaondoka bila kunywa chai, na mke wangu ananiuliza mimi nimemfanya nini kaka yake.

Ilikuwa hivi. Kikosi changu cha watu kumi kilikuwa kwenye gofu katikati ya meza: watano chini, watatu ghorofani, wawili nje nyuma ya kona ya ukuta. Alipofyatua risasi, nikadai kinga ya gofu kwa wote. Akakataa, kwamba mmoja wa Waorki wake anawaona wazi wale wawili wa nje. Kisha akavamia kwa kikosi cha mapanga. Nikasema bado nimo ndani ya gofu, kwa hiyo kinga yangu ipo palepale, akakataa tena. Akaniua watu saba kabla sijarusha dadu hata moja ya kupiga, wakiwemo wale wa ghorofani, ilhali yeye alikuwa chini! Zamu yangu ilipofika, akadai ni yeye anayechagua nani aanze kupiga. Kifaru changu kilikuwa kimezungukwa na kikosi chake kingine, nikataka kuwapiga mzinga walionizunguka, akasema kifaru kilichoshikwa hakipigi. Zamu yake iliporudi, akataka kuwamiminia risasi watu wangu watatu waliobaki, wakati bado wanapigana na Waorki wake. Hapo ndipo nilipofunga sanduku.

Nani mwenye haki?

Mkuu wa Kikosi, Leicester

*

Mkuu wa Kikosi,

Utani wa mashemeji una sheria zake nami sizigusi. Akikuita mwizi huku anacheka, mrudishie. Ila mtu aliyeondoka bila chai hakuwa akitania, na nikikusomea hoja moja moja utaona kwamba kwa sehemu kubwa alikuwa na sababu.

Tatizo lenu ni kwamba mnauliza ukuta maswali mawili kwa wakati mmoja. Katika hatua ya kufyatua risasi, swali ni: askari huyu anaonekana? Katika hatua ya mapigano ya ana kwa ana, swali ni: askari huyu anafikiwa? Kanuni zimetenganisha mambo hayo kabisa, na gofu lilelile linaweza kukupa jibu zuri kwa la kwanza na lisikupe chochote kwa la pili.

Tuanze na risasi, maana hapo haki ni yako. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2023, kinga ya mazingira inaongeza 1 kwenye dadu ya kujiokoa dhidi ya silaha za mbali. Askari wako wa Cadia anaokoka kwa 5 au zaidi. Akiwa na kinga anaokoka kwa 4 au zaidi. Ukijeruhiwa mara 12 na risasi zisizo na uwezo wa kutoboa deraya, bila kinga utategemea kuokoa 4, na ukiwa na kinga utaokoa 6. Ndiyo sababu watu hugombania gofu.

Wale wanane waliokuwa ndani kabisa, kitako kizima ndani ya eneo la gofu, wana kinga. Haijalishi nani anawaona na nani hawaoni. Hata Mworki wake akisimama dirishani akawahesabia vifungo vya koti, kinga ipo. Kuhusu wawili wa nje, shemeji yako aliisoma kanuni kinyume. Askari aliye nje ya gofu anapata kinga ikiwa gofu hilo linamzuia asionekane kikamilifu na kila askari wa kikosi kinachofyatua. Maana yake, ili akunyime kinga, ni lazima Waorki wote wa kikosi kile wawaone wale wawili kikamilifu, kuanzia kofia hadi kiatu. Mmoja kuwaona hakutoshi. Akibaki mmoja tu ambaye kona ya ukuta inamkatia bega la askari wako, kinga inasimama.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza, ila litakufaa. Kinga huangaliwa kwa kila askari anayepangiwa jeraha, wala si kwa kikosi kwa ujumla, na anayepanga ni wewe. Kwa hiyo hata kama wawili wa nje wangekosa kinga kweli, ungeanza kuyapanga majeraha kwa wale wa ndani wenye 4. Usione haya. Kanuni imekupa uchaguzi huo makusudi.

Na kabla hujapanda kichwa: kifaru chako hakifaidi hivyo. Kitu chenye dadu ya kujiokoa ya 3 au bora zaidi hakipati kinga dhidi ya silaha isiyo na uwezo wa kutoboa. Leman Russ ina 2. Kuificha nusu nyuma ya gofu kutakusaidia dhidi ya makombora mazito, lakini dhidi ya bunduki za kawaida za Waorki hakubadilishi chochote.

Sasa uvamizi.

Hapa ndugu yangu ulikosea, na kosa lako ndilo ninaloletewa na wasomaji kuliko jingine lolote. Kinga ya mazingira inahusu silaha za mbali peke yake. Panga likishafika shingoni, ukuta ulioko nyuma yako ni pambo. Askari wako alirudi kwenye 5 yake, na panga la Mworki likiwa na uwezo wa kutoboa wa 1, likamshusha hadi 6. Shemeji yako hakukuibia kitu.

Naelewa kosa lenyewe linatoka wapi. Mtu akilitazama gofu mezani, akili yake inamwambia kwamba anayepigana mlangoni ana nafuu kuliko anayepigana uwanjani, na vitani ni kweli. Michezo mingine ya aina hii humpa mtetezi wa ukuta nyongeza fulani. Wabunifu wa toleo hili waliamua vingine: nafuu ya ukuta dhidi ya mvamizi iwe ya hatua za kutembea, isiwe ya dadu. Mvamizi hurusha dadu mbili, na jumla yake ndiyo inchi anazoruhusiwa kukimbia. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 21 yanafika 7 au zaidi. Yanayofika 9 au zaidi ni 10 tu. Ukiwaweka watu wako inchi mbili nyuma zaidi ya hapo ulipowaweka, umeipunguza nafasi ya shemeji kwa nusu nzima bila kugusa dadu. Kinga yako dhidi ya panga ni futikamba.

Mwandishi H. G. Wells, alipochapisha kanuni zake za mchezo wa vita wa Little Wars huko London mwaka 1913, hakuwa na ugomvi huu wa nani ana kinga. Mizinga yake ya kuchezea ilikuwa na springi na ilirusha vipande vya mti kwelikweli. Askari wa madini ya risasi aliyekuwa nyuma ya nyumba hakugongwa, basi. Ukuta ulijijibia wenyewe. Lakini hata yeye mapigano ya ana kwa ana yalimsumbua. Hapo mwanzo yeye na wenzake waliyaamua kwa kurusha sarafu, baadaye wakaona bahati imezidi, wakaandika kanuni ya hesabu ya vichwa. Ni zaidi ya miaka mia sasa, na bado hapo ndipo mezani panapochafuka.

Nirudi kwako. Wale watatu wa ghorofani. Najua hili limekuuma, maana hukuona Mworki akipanda ngazi. Umbali wa kushikana katika toleo la 10 ni inchi 1 kwa ulalo na inchi 5 kwa wima. Sakafu yako ya kwanza ikiwa chini ya inchi 5 kutoka mezani, na Mworki akisimama karibu chini ya kitako cha mtu wako, wameshikana, na kila mmoja anaweza kumpiga mwenzake. Usimfikirie askari wako amesimama kama sanamu ukingoni. Mfikirie anainama kufyatua, anavutwa mguu. Kama unataka wa ghorofani wawe salama, wasogeze mbali na ukingo kwa zaidi ya inchi moja kutoka mahali mtu wa chini anaweza kusimama, au wapandishe sakafu ya juu zaidi. Pima sakafu zako leo. Gofu nyingi za kuchezea zina sakafu iliyo chini ya inchi 5, na watu hushangaa.

Kuhusu kuuliwa saba kabla hujarusha dadu ya kupiga: ndivyo ilivyo. Kikosi kilichovamia hupata haki ya kupiga kwanza katika zamu hiyo, na anayekufa hapigi. Mapigano hayaendi kwa pamoja.

Zamu yako ilipofika, hakuna aliyevamia, na hapo mlibishana nani aanze. Hili linawapotosha hata wachezaji wa siku nyingi. Mazoea yanamwambia mtu kwamba mwenye zamu ndiye anayeanza. Toleo la 10 linasema kinyume: katika mapigano, anayechagua kikosi cha kwanza ni yule ambaye zamu si yake, kisha mnapokezana kikosi kwa kikosi. Katika zamu yako, ni shemeji. Katika zamu yake, ni wewe, isipokuwa vikosi vilivyovamia vinatangulia. Kwa hiyo alikuwa sahihi, na ukikumbuka kanuni hiyo katika zamu yake utaona inakulipa vilevile.

Kifaru nacho hakina mshindi. Alikosea aliposema kifaru kilichoshikwa hakipigi. Vifaru na mazimwi makubwa yana ruhusa ya kufyatua hata yakiwa yamezungukwa, kwa kupunguza 1 kwenye dadu ya kulenga. Hiyo ni haki yako. Lakini wewe ulitaka kutumia mzinga mkuu kwa waliokuzunguka, kama ulivyoandika, na mzinga mkuu wa kawaida wa Leman Russ ni silaha ya mlipuko. Silaha ya mlipuko hairuhusiwi kabisa kumlenga adui aliyeshikana na yeyote wa upande wako, na kifaru chenyewe ni wa upande wako. Kwa hiyo ulichoweza kufanya ni hiki: bunduki nzito za kifaru zisizo za mlipuko ziwapige walioshika kifaru, na mzinga mkuu umpige adui mwingine aliye mbali na asiyeshikana na mtu wako, yote kwa kupunguza 1. Angalia kadi ya kikosi. Silaha za mlipuko zimeandikwa wazi.

Risasi zake kwa watu wako watatu waliokuwa wakipigana: hapana. Kikosi cha askari wa miguu kilichoshikana na adui hakilengwi kwa silaha za mbali, isipokuwa bastola za wale wale walioshikana nacho, au silaha za kifaru kilichoshikana nacho. Angeweza kukifyatulia kifaru chako kilichozungukwa, kwa kupunguza 1, kwa kuwa ni kifaru. Watu watatu, hapana. Hapo ulikuwa na haki kamili, na ni bahati mbaya kwamba ulifunga sanduku badala ya kufungua kitabu.

Nimeulizwa nani mwenye haki, nimejibu. Ila ningekuwa nimekufanyia hila nikiishia hapo, kwa sababu ulikuwa na njia ya kujinasua ambayo hukuitumia. Zamu yako ilipoanza, watu wako watatu wangeweza kurudi nyuma. Anayerudi nyuma hafyatui wala havamii zamu hiyo, kwa hiyo watatu hao wangekaa bure; lakini Waorki waliobaki kwenye gofu wasingekuwa wameshikana na yeyote, na silaha zako zote nyingine mezani, pamoja na ule mzinga wa mlipuko, zingewapata. Anayelazimika kupita katikati ya adui ili atoke, au aliyekwisha kuingiwa na hofu ya vita, hurusha dadu kwa kila askari na 1 au 2 humuua. Kwa watatu waliobaki, hiyo ni bei ndogo kwa kuufungulia mzinga njia.

Wengine watakushauri ungefyatua wakati anavamia, kwa kutoa pointi 1 ya amri. Hesabu kwanza. Watu kumi wenye bunduki za kawaida, adui akiwa ndani ya inchi 12, wanapata risasi 20 hivi, na katika ufyatuaji huo ni 6 tu inayolenga. Utapata tatu. Kati ya hizo, moja hujeruhi Mworki, na bado ana dadu yake ya kujiokoa. Pointi ya amri kwa sehemu ya Mworki mmoja! Mimi ningeibakiza.

Limebaki moja ambalo hukulitaja, na najua litawafikia kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu gofu lenu lina kuta. Askari wa miguu wanaruhusiwa kupita ndani ya kuta za gofu kana kwamba hazipo, ila hawaruhusiwi kumaliza mwendo wakiwa katikati ya ukuta. Sasa angalia vipimo. Kitako cha askari wako wa Cadia ni milimita 25, cha Mworki ni 32. Ukiwapanga watu wako ndani, milimita 28 nyuma ya ukuta, Mworki aliye nje ya ukuta yuko zaidi ya inchi 1, hafiki. Na ndani hapati pa kukanyaga, maana kitako chake ni kipana kuliko nafasi uliyomwachia. Umejenga ngome kwa milimita nne.

Kwa herufi ya kanuni, inapita. Mimi naichukia. Kwenye mashindano waandaaji huwa na kipengele chao cha kuta, na mchezaji anaingia akijua. Sebuleni, kumfanyia shemeji hivyo bila kumwambia mapema ni kumtafutia koti lake. Wacheza bao huulizana kabla ya kete ya kwanza kama ni bao la kujifunza au bao la kiswahili, na hakuna anayeona aibu kuuliza. Nanyi kabla ya dadu ya kwanza zungukeni meza pamoja: hili ni gofu, eneo lake linaishia hapa, sakafu hii ina inchi kadhaa, dirisha hili linaonekana au tunalihesabu limezibwa, mvamizi aliyezuiwa na ukuta tunamruhusu apige ng'ambo au hapana. Mkikubaliana apige, ni sawa. Mkikubaliana asipige, ni sawa pia. Ubaya ni kuligundua hilo wakati ameshika dadu mbili na moyo unamwenda mbio.

Kanuni za msingi, kampuni yenye mchezo huu, Games Workshop, ilizitoa bure kwa kupakuliwa. Zichapisheni, mziweke mezani pamoja na marekebisho yake, na anayebisha aoneshe mstari. Kama mstari haupatikani kwa dakika mbili, rusheni dadu moja mwendelee, mtatafuta baadaye. Mchezo uliovunjika raundi ya tatu hauna mshindi wala aliyejifunza.

Hukumu yangu, basi. Kwa kinga dhidi ya risasi na kwa watu wako watatu waliokuwa wakipigana, haki ni yako. Kwa kinga dhidi ya mapanga, kwa ghorofa, kwa kupigwa kwanza na kwa nani achague, haki ni yake. Kwa kifaru mmekosea wote wawili. Ni manne kwa mawili, na wa manne si wewe. Kumpigia simu ni juu yako, kabla Jumapili nyingine haijafika.

Wasomaji wengine mnaoniletea maswali ya namna hii, tajeni toleo la kanuni mnalotumia na jina la kila kikosi kilichohusika. Barua nyingine niliyonayo mezani inauliza kuhusu farasi na ua wa miiba, na mwandishi hakusema hata ni mchezo gani.